Kipimo cha Tenki

Walimwita Tenki kwa sababu alikuwa hajai. Alikata maji mpaka akamwaga unga. Kreni aliyoiendesha akapewa mwingine, na mkewe akahamia kwa dada yake na watoto. Ndipo akaacha pombe, si kwa maneno, aliacha kweli, mikono ikamtetemeka na shuka likalowa jasho. Mke akarudi kwa sharti moja: siku akisikia harufu ya pombe, anaondoka moja kwa moja.

Sasa kampuni ilikuwa radhi kumrudisha kazini siku hiyo hiyo, mradi daktari athibitishe kwamba hana pombe mwilini. Mke akamsindikiza zahanati.

Daktari, mama asiyetabasamu ovyo, alimmulika macho, akamwambia afumbe macho aguse pua, kisha akamtembeza juu ya mstari wa vigae. Tenki akatembea kwa madaha kama bwana harusi. Akapuliza kipima pombe. Kikalia.

"Umekunywa."

"Mimi? Haki ya Mungu, sijagusa!"

Mke akachukua mkoba wake. Hakugomba, na hilo ndilo lililommaliza Tenki nguvu. Heri angemtukana.

"Mama watoto, ngoja kidogo..."

"Nimengoja miaka, baba watoto."

Daktari akainua mkono. "Asubuhi umetia nini mdomoni?"

Tenki akatoa chupa mfukoni, aibu imemjaa. Kwa woga wa kunuka alikuwa akisukutua kwa dawa ya mdomo tangu alfajiri, mara ya mwisho hapo hapo mlangoni. Mtu mzima na akili zake!

Daktari akasoma kibandiko, akaangua kicheko. "Hii ina spiriti, baba. Mashine imenusa mdomo, haijafika kwenye damu. Sukutua kwa maji, ukae robo saa, tupime tena."

Wakakaa kwenye benchi, mke pembeni kabisa, mkoba mapajani. Tenki alitamani kuapa, lakini viapo vyake alikwisha kuvimaliza enzi za ulevi.

Alipopuliza tena, kikaonyesha sifuri. Tenki akalia mbele za watu, wala hakujali.

"Kwa nini ulisukutua hivyo?" mke akauliza.

"Niliogopa utasikia harufu hata kama haipo."

"Ningeisikia," mke akakiri. "Kila ukiingia nyumbani huwa naitafuta." Akamfuta machozi kwa kiganja. "Leo ukirudi kutoka kazini, sitaitafuta."