Kabureta ya Kwenda Kagerankanda

Niseme mapema kwamba mimi ni mbishi, na ubishi wangu huwa mbaya zaidi ninapokuwa peke yangu. Na Busunzu nilikuwa peke yangu. Nilipangiwa kufundisha hesabu huko, upande wa Kibondo, nikitokea Muheza. Mke wangu, ambaye ni muuguzi, akapangiwa zahanati Kagerankanda, upande wa Kasulu. Tuliposikia tumepangwa mkoa mmoja tulishukuru Mungu, halafu tukaangalia ramani, tukaanza kuhesabu kilomita.

Kilichotuunganisha ni pikipiki. Niliinunua kwa mtu wa mradi aliyekuwa anarudi kwao. Ilikuwa imeinuliwa shokapu, imefungwa matairi ya meno na ekzosi ya kuchomelea gereji, na ilikuwa ya injekta: hakuna kabureta, mafuta yanapulizwa kwa umeme, na kompyuta ndogo chini ya kiti ndiyo inayoamua yaende kiasi gani. Kila Jumamosi asubuhi niliipanda kwenda kwa mke wangu, Jumapili jioni nikarudi. Siku za katikati niliishi kwa kusubiri tu. Walimu wenzangu walikuwa watu wema, sikatai, lakini kwenye chai ya saa nne wakishazama kwenye Kiha chao wanacheka hadi machozi yanawatoka, na mimi natabasamu kama mgeni wa harusi asiyemjua bwana wala bibi. Wakikumbuka kunitafsiria, kichekesho kimeshapoa. Nilikuwa mpweke, basi, sina namna nyingine ya kusema.

Msimu wa mvua nikaishiwa mafuta njiani, nikanunua petroli ya chupa pale kando ya barabara. Ilikuwa na maji. Injekta haina uvumilivu wa namna hiyo. Pikipiki ikakohoa mara mbili, ikazima, na haikuwaka tena.

Wiki hiyohiyo mke wangu akapiga simu. Amepata nafasi ya kwenda Mwanza kusomea kazi ya kutoa dawa za usingizi kwa wagonjwa wa upasuaji, miaka miwili, na wanataka jibu kabla mwezi haujaisha. Nilimpongeza. Sauti yangu mwenyewe niliisikia ikiwa kavu.

“Njoo tuzungumze,” akasema. “Hili si la simu.”

Nikamwambia Jumamosi nitakuwepo.

Pikipiki ikapakiwa kwenye pikapu hadi Kibondo, kwa fundi mmoja mzee, Muha wa hapohapo. Huyu hashiki spana kabla salamu hazijaisha. “Mwakeye,” anasema, anapiga makofi polepole huku amejiinamisha, anauliza nyumbani, anauliza mvua, anauliza mbuzi ambao sina. Akauliza mama wa nyumbani. Nikajibu hajambo, yuko Kagerankanda. Akatikisa kichwa, ndipo akafungua tangi na kunusa.

Hukumu yake ilikuwa fupi. Pampu imekufa, kompyuta imeingia maji, na vifaa vyake vitafutwe Dar, vikipatikana. Dawa ni kung'oa mfumo wote na kufunga kabureta. Kabureta ukiinywesha maji unalegeza skrubu ya chini, maji yanachuruzika, unapanda unaendelea na safari. Hapo sikubishana naye.

Ubishi ulianzia dukani. Mwenye duka la spea alikuwa mtu wa Pangani, pwani kwetu, aliyehamia Kibondo kabla sijamaliza shule, na aliposikia lafudhi yangu alinikalisha kama ndugu. Akaweka kabureta mbili juu ya boksi. Moja ndogo, ya pikipiki za bodaboda, inayopatikana hadi kwenye magenge. Nyingine kubwa, mdomo wake unaingia yai, imekaa dukani miaka bila mteja. Yeye akasema chukua ndogo. Fundi akasema chukua ndogo. Injini yangu ilikuwa kubwa kidogo kuliko za bodaboda, kwa hiyo milimani ingepungua nguvu, lakini ingefika.

Nikachukua kubwa. Nikawaambia nataka kufika haraka.

Sasa sikilizeni haraka yangu. Jumamosi ya kwanza nilipanda Hiace kwenda Kibondo nikidhani nitarudi na pikipiki na kuunganisha moja kwa moja kwa mke wangu. Kumbe kile kishingo cha mpira kinachoishika kabureta kwenye injini kilikuwa chembamba, ikabidi kitengenezwe kingine. Nikapanda Hiace kurudi Busunzu, nikapiga simu, nikasema wiki ijayo. Jumamosi ya pili ikawaka, lakini ikitoa moshi mweusi, na plagi imejaa masizi. Fundi akaeleza kwamba huku juu hewa ni nyepesi, na kabureta pana inamimina mafuta kuliko hewa inayopata, hivyo tutafute jeti, kile kipini cha kupitishia mafuta, yenye tundu dogo. Tukatafuta hadi duka la mwisho likafungwa. Nikapiga simu. Jumamosi ya tatu moshi uliisha, ila ukiachia mafuta tu, inazima.

Majibu ya mke wangu yalikuwa yanafupika. Mwanzoni alisema pole. Baadaye akasema sawa.

Naweza kusema ukweli sasa kwa kuwa hauna faida tena. Nilikuwa napenda kukaa pale gereji. Nilikaa juu ya tairi bovu, nikashika tochi, nikatoa hoja zangu za hesabu za tundu la jeti, na watu wakanisikiliza kwa Kiswahili. Na nilikuwa naogopa. Nikifika Kagerankanda ningelazimika kusema nenda au baki. Nikisema nenda, nabaki peke yangu kabisa. Nikisema baki, nitakuwa mume wa aina ambayo sikutaka kuwa.

Jumamosi hiyo ya tatu, wakati nimekwenda kula, fundi aliing'oa kabureta kubwa bila kuniuliza, akachukua ile ndogo dukani, akaifunga. Niliporudi injini inanguruma taratibu, haina tatizo lolote. Nikamfokea. Nilimwambia pikipiki ni yangu na uamuzi ni wangu. Mzee wa watu aliningoja nimalize, akifuta mikono kwa tambara.

“Mwalimu,” akasema, “huko kwa mkeo kuna nini?”

Nikapanda pikipiki, nikaondoka.

Jumapili asubuhi nilikwenda. Milimani pikipiki ilipungua nguvu kidogo, kama walivyosema, na ikafika, kama walivyosema. Nilimkuta mke wangu anaanika sare zake za kazi. Akanipokea vizuri, akaniletea maji ya kunawa, akapakua ugali na maharage. Nami, badala ya kuuliza la maana, nikaanza kumsimulia kabureta. Nilisimulia kishingo, nikasimulia masizi, nikasimulia jeti. Alinisikiliza hadi mwisho, ana subira ya kazi yake. Kisha akauliza hizo siku zote nilikuwa nafikaje Kibondo.

“Kwa Hiace,” nikasema.

“Jumamosi tatu umepanda gari kwenda kwa fundi,” akasema. “Magari ya kuja huku yanapita barabara hiyohiyo.”

Naapa, jambo hilo halikunijia akilini hata mara moja. Ingekuwa nililiwaza nikalikataa, ningekuwa na cha kujitetea. Nikarudisha tonge kwenye sahani.

Akaniambia barua ya kukubali ameshaipeleka Ijumaa. Hakulia, wala hakupandisha sauti. Mimi ndiye niliyeng'ang'ania, maana ndivyo nilivyo. Nikamuuliza, kama ningekuja Jumamosi ile ya kwanza nikamwomba asiende, angebaki?

“Ningekwenda vilevile,” akasema. “Ila ningekwenda nikijua nina mume.”

Huu ni mwezi wake wa tano Mwanza. Tunapigiana simu, tunaulizana hali, tunaambiana hali ni nzuri. Pikipiki haijawahi kuwa nzima kama ilivyo sasa. Jumamosi asubuhi naifuta vumbi, naiwasha, naisikiliza kidogo, halafu naizima.