Plagi Sita Kabla ya Saa Sita

Tangu astaafu, fundi bomba alikuwa hajui kukaa. Miaka thelathini na minne alikuwa chini ya sinki za watu, ndani ya mitaro ya watu, juu ya mapaa ya watu akifunga matangi, na mwili wake ulizoea kuitwa. Sasa hakuna aliyemwita, kwa hiyo alijiita mwenyewe. Asubuhi alikaza bomba la jikoni ambalo halikulegea, mchana alibadilisha washa za mpira za mabomba ya bafuni ambazo bado zilikuwa nzima, na jioni mkewe alimtoa nje ili apate kuoga kwa amani.

"Nyumba hii ingekuwa na mdomo," mkewe alimwambia, "ingekuomba uiache ipumzike."

Jumamosi hii, hata hivyo, alikuwa na sababu ya kuhangaika. Binti yao, mtoto wao wa pekee, alikuwa anakuja. Angefika saa sita mchana na kuondoka saa kumi kwenda uwanja wa ndege, na baada ya hapo angekaa miaka mitatu akifanya kazi kwenye karakana ya malori ya mgodini, katika nchi ambayo fundi bomba aliitafuta kwenye ramani mara mbili kwa kidole asiipate. Na kabla ya leo, binti huyo alikuwa hajakanyaga nyumbani kwa miaka miwili. Sababu ilikuwa babake, na babake alijua.

Kisa kilianzia kwenye kibanda cha mabati, kilicho wazi kwa mbele, nyuma ya nyumba. Humo lilikaa gari la spoti la mdogo wake fundi bomba, jekundu, la milango miwili, lililo chini kiasi kwamba kuingia ndani ni lazima utangulize makalio na kumwachia Mungu yaliyobaki. Mdogo wake alihamia ng'ambo akaliacha "kwa muda," na muda huo ukawa miaka tisa. Binti alilitolea macho tangu yuko shule. Alisomea umakanika, akapata kazi mji mwingine, na Jumapili moja akarudi na boksi lenye plagi sita mpya za injini. Alizitua mezani mbele ya wajomba zake wawili na shangazi yake, uso wote meno, akasema, "Baba, leo gari la baba mdogo linanguruma."

Fundi bomba alikuwa ameshiba na alitaka kuchekesha watu. "Mama," alisema, maana ndivyo alivyomwita binti yake tangu azaliwe, "gari la watu si la kujifunzia. Nenda kwanza ukaharibu ya wengine."

Wajomba walicheka mpaka wakashika mbavu. Binti hakucheka. Aliliacha boksi pale pale, akachukua mkoba wake, akaondoka na chai yake haijapoa. Tangu siku hiyo alimpigia simu mama yake tu, na mwishoni alisema, "Msalimie baba." Msalimie baba! Mtu anaweza kuishi na tusi, lakini salamu za namna hiyo zinakula mtu polepole. Mara ngapi fundi bomba alishika simu ampigie amwombe radhi, na mara ngapi aliishia kumuuliza mkewe kama umeme umelipiwa.

Kwa hiyo alipanga mpango. Angefunga zile zile plagi sita, zile za kwenye boksi, ambazo kwa miaka miwili zilikuwa juu ya kabati akizipangusa vumbi kwa siri. Binti akiingia getini angelikuta gari linanguruma kwa plagi alizozinunua yeye, naye angeelewa. Gari lingesema, na baba angenyamaza zake. Ulikuwa mpango wa mtu mwoga, tusimfiche, lakini aliuamini.

Saa moja asubuhi boneti ilikuwa wazi. Betri alishaichaji wiki nzima. Aling'oa kifuniko cha juu cha plastiki, akachomoa koili zinazopeleka umeme, moja juu ya kila plagi, akazipanga chini kwa mstari asije akazichanganya. Plagi tatu za mbele zilitoka bila ubishi, nyeusi tii kama meno ya mvutaji.

"Geuza kushoto!" sauti ilitoka juu ya ukuta.

Huyo alikuwa jirani, karani mstaafu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mkurugenzi kwa kuwa hakuna kazi aliyoifanya na hakuna kazi asiyoisimamia. Aliegemeza viwiko ukutani na kikombe mkononi.

"Nimegeuza kushoto tangu hujaamka," fundi bomba alimjibu.

"Basi endelea hivyo hivyo."

Tatu za nyuma ndizo zilizomtoa jasho. Zilikuwa zimejificha chini ya bomba nene la hewa, zimesukumwa huko mwisho karibu na kioo, na ili azifikie ilimbidi alale kifudifudi juu ya injini. Chuma kilimchoma mbavu. Akaenda sebuleni akarudi na mto.

"Huo mto ni wa wageni!" mkewe alipiga kelele kutoka jikoni.

"Kwani binti si mgeni?"

"Si mgeni. Na angependa kumkuta baba yake ameoga."

Saa tatu ikapita, saa nne ikapita. Alipoteza nusu saa akiitafuta nati iliyodondoka, na ilikuwa ndani ya kiatu chake. Kila alipotoa plagi moja alikwenda getini kuchungulia barabara, akarudi, akasahau aliweka wapi spana. Roho ilikuwa juu. Alifikiria shati atakalovaa, akafikiria atasimama wapi gari likinguruma, mlangoni au pembeni, mikono kiunoni au mfukoni. Alifikiria kila kitu isipokuwa kile mikono yake ilichokuwa ikifanya.

Na mikono yake ilikuwa ikifanya kazi yake ya miaka thelathini na minne. Ilichukua plagi mpya kutoka kwenye boksi, ikatoa mfukoni ile tepu nyeupe nyembamba ya mabomba, ikauzungushia uzi wa plagi, ile mikato ya kukazia, mara tatu, ikaubana kwa kidole gumba, ikakata kwa meno. Kisha ikaiingiza plagi na kuikaza. Mara sita. Fundi bomba hajawahi kufunga kitu chenye uzi bila tepu, na hakuna kitu chake kilichowahi kuvuja. Makanika yeyote angepiga mayowe. Mkurugenzi aliona yote kutoka ukutani, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakutoa ushauri, kwa sababu alidhani ndivyo inavyofanywa.

Saa tano na dakika ishirini aliingia garini, akafumba macho, akawasha.

Liliwaka. Halafu likaanza kutetemeka mwili mzima, likikohoa, likikosa pumzi moja na kuipata nyingine, koili zikirukaruka. Alilizima, akabadilishanisha koili ya mbele na ya nyuma, akawasha. Vile vile. Akaangalia nyaya moja moja, akazipuliza, akawasha. Likakohoa zaidi, kama kwamba linamcheka. Alitukana, akatazama kama mkewe amesikia, akatukana tena kwa sauti ndogo. Alitoka garini kwenda getini, akatoka getini kurudi garini, mpaka akatengeneza njia kwenye mchanga.

"Kaoge!" mkewe alisema.

"Bado kidogo."

"Bado kidogo imeshafika saa sita kasorobo."

Akawasha tena, akakanyaga mafuta, labda litajirekebisha lenyewe. Gari lilikuwa linatikisika hivyo hivyo, mto wa wageni ukiwa juu ya bati la ubavuni mwa gari na mafuta yakiwa yamemfika kwenye nyusi, pale lango lilipofunguka.

Binti alisimama na begi mgongoni. Alikuwa amekonda kidogo, au amekua. Baba hakuweza kuamua.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama."

Ndiyo hayo tu. Mama yake alitoka mbio jikoni akamkumbatia, akalia kidogo, akamlalamikia wembamba. Binti naye alikumbatia, lakini sikio lilikuwa upande wa gari.

"Inamisi," alisema. "Kuna silinda haziwaki."

"Nasikia."

"Silinda zipi?"

"Ningejua ningekuwa nimeoga."

Binti akasogea. Boksi lilikuwa chini, wazi, tupu, jina la duka bado limeandikwa ubavuni. Alilitazama kwa muda. Kisha akatazama injini, kisha babake, ambaye alijitia kutafuta kitambaa. Huu ndio ulikuwa wakati ambao gari lilitakiwa kusema, na gari lilikuwa linakohoa tu.

Binti alinyoosha mkono dirishani akalizima. "Ina moto. Tungoje ipoe, halafu nitaangalia."

Walikula. Kama kuna mtu anayetaka kujua adhabu ni nini, akae mezani na mtoto wake anayeondoka kwa miaka mitatu huku saa ya ukutani ikitembea. Mama aliuliza juu ya baridi, blanketi, na kama huko kuna watu wanaosema lugha inayoeleweka. Binti alijibu yote, akacheka, akaongeza mchuzi. Fundi bomba aliusogeza wali kutoka upande mmoja wa sahani kwenda mwingine. Mara tatu alifungua kinywa. Mara ya kwanza aliomba chumvi, mara ya pili aliomba maji, na mara ya tatu mkewe alimwuliza kama jino linamuuma. Saa nane ikagonga.

Nje, binti alifunga kitambaa kichwani, akatoa spana zake mwenyewe kwenye begi. Plagi ya kwanza ilitoka. Aliiinua kwenye mwanga. Tepu nyeupe ilikuwa bado imeukumbatia uzi, imeungua kidogo pembeni.

Aligeuza, akageuza tena. Kisha akauliza taratibu, "Baba, ulikuwa unazuia nini kisivuje?"

Mkurugenzi alipaliwa na chai huko ukutani. Mama mtu alianza kucheka mpaka akashika mlango, na binti naye akacheka, akiwa ameegemea gari, machozi yakimtoka. Fundi bomba alikodoa macho kwenye ile tepu kana kwamba imewekwa na jini.

"Umeme wa plagi unarudi kwa uzi huu huu," binti alieleza alipopata pumzi. "Chuma kwa chuma. Wewe umeuvalisha nguo. Na tepu imejaa mle ndani, hata plagi haikukaa mahali pake."

"Sikufikiri," alisema. "Mikono tu."

Alisubiri. Binti alikuwa na jibu mkononi, tena alikuwa amelibeba miaka miwili. Kaharibu ya wengine kwanza. Angelisema mbele ya mama yake na mbele ya Mkurugenzi, hakuna ambaye angemlaumu, na fundi bomba alikuwa ameshainamisha kichwa kulipokea. Lakini binti hakulisema. Alitoa plagi zote sita, akazimenya tepu kwa ukucha, akazisugua nyuzi kwa brashi ndogo, akazirudisha moja moja, kwanza kwa vidole mpaka zikae, kisha kwa spana kidogo tu. Zile za nyuma hakuhitaji mto. Mkono wake ulipita chini ya bomba la hewa kama unajua njia. Kutosema kwake kulimuumiza baba kuliko lile neno lenyewe.

Saa tisa na robo aliwasha.

Gari lilinguruma. Halikutetemeka, halikukohoa, sauti ilitoka nzito na sawa, ikajaza kibanda na kugongesha mabati. Mkurugenzi alipiga makofi. Binti alisimama kando ya boneti, macho kwenye injini, akitabasamu peke yake. Robo tatu ya saa ilikuwa imebaki. Fundi bomba alijua kwamba hata sasa anaweza kuliacha gari liseme, na kwamba halitasema kitu.

Akamsogelea. "Nilikukosea, mama," alisema ndani ya ile ngurumo. "Nilikuaibisha mbele ya wajomba zako, na wewe ulikuwa unaijua kazi. Nisamehe."

Binti aliweka kiganja sikioni, akakunja uso. Akainama dirishani, akazungusha ufunguo. Gari likazimika.

Mkewe alikuwa mlangoni na sufuria mkononi. Mkurugenzi alikuwa ukutani na masikio yake yote.

"Umesema nini, baba?"

Jibu rahisi lilikuwa karibu kabisa. Nimesema asante. Nimesema limepona. Fundi bomba alipiga moyo konde, akasema kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, maana hakuweza kuipima.

"Nimesema nilikukosea. Siku ile nilikuaibisha mbele ya watu, na nilikuwa najua ninachofanya. Niliona utaweza. Nikaogopa, maana ukishaweza, mimi nitakuwa sina tena cha kukufundisha. Nisamehe, mwanangu."

Mkewe aliweka sufuria chini. Mkurugenzi, aliyezoea kusimamia kila kitu, alijiondoa ukutani polepole akaenda zake.

Binti alipangusa vidole kimoja kimoja kwa kitambaa, mpaka kile cha mwisho.

"Nilikusikia mara ya kwanza," alisema.