Kodi Mbili

Neno moja tu ndilo lililotutia matatani. Nilirudi kutoka mkutano wa kampeni hapa Kismayu, miguu inaniuma, mama akaniuliza yule mgombea wa ubunge amesema nini. Nikamjibu, huku navua viatu, kwamba rais atakayemchagua yeye ataondoa kodi.

Mama alikimbia kisiwa cha Kudha wakati wa vita, na tangu arudi kutoka kambini Kenya amekuwa mpangaji. Kodi kwake ni ya chumba. Mimi nilisema kodi ya mapato, ile ninayokatwa kwenye mshahara wa ualimu. Kisomali kina maneno mawili, moja la serikali na moja la mwenye nyumba. Kibajuni chetu kina hilo hilo moja, na mama alilichukua akatoka nalo uani kwa wapangaji wenzake.

Huku hatumpigii rais kura wenyewe. Wazee huteua wajumbe, wajumbe humchagua mbunge, na mbunge ndiye humchagua rais. Safari hii nilikuwa mjumbe wa Wabajuni, watu ambao katika hesabu ya koo za nchi hii, nne kubwa na nusu, tunatiwa kwenye ile nusu ya mwisho. Kwenye kodi hakuna aliyewahi kuniambia mimi ni nusu. Nakatwa kama mtu mzima, na chaki nanunua mwenyewe. Kwa hiyo nilikwisha kuamua, tena kwa hasira: kura yangu ni ya anayeondoa kodi.

Siku moja kabla ya kura, mwenye nyumba alikuja. Hakuketi. Aliniuliza, kwa upole ulionitisha, ni rais gani huyo anayegawa vyumba vya watu, maana wapangaji wake wamemwambia mwezi huu hawalipi. Nilimweleza kwamba ni kodi ya mishahara, si ya vyumba. Alielewa, lakini akasema niwaeleze na wao, na ikifika kesho jioni bado wanaimba wimbo huo, wote watafunga virago, na mama yangu awe wa kwanza.

Mama alikuwa anakanda unga. Nilipomwambia ukweli hakuacha kukanda. Aliniuliza hiyo kodi ya mishahara hapa uani hulipwa na nani. Nikamjibu ni mimi peke yangu.

“Na ikihama kwako,” akasema, “itahamia kwa nani? Serikali haili hewa.”

Nikaifuata kwa mawazo. Ingehamia bandarini, kwenye unga, sukari na mafuta. Mgombea wa pili wa ubunge alikuwa amelisema hilo mkutanoni: upande wao utaiacha kodi ya mishahara, lakini ushuru wa chakula hautaguswa. Nilimcheka, maana hakuna apendaye kuambiwa ataendelea kukatwa. Sasa nikautazama ule unga mikononi mwa mama nikaona haya, kisha nikakasirika kwa kuona haya.

“Itahamia kwako,” nikasema.

“Basi wachu hawa wambie weye,” akasema, akinionyesha wapangaji wa uani. “Kura ni yako, si yangu.”

Asubuhi wanawake walikusanyika uani na chetezo cha ubani, waniombee kabla sijaondoka. Nilisimama mlangoni nikawaambia kabla hawajaanza. Niliwaambia kodi ya nyumba haiendi popote, na kwamba yule waliyetaka nimchague mimi simpigii kura, kwa sababu faida ni yangu na gharama ni yao. Wawili walikuwa wamekwisha kuila pesa ya chumba, wakimtegemea rais.

Mkubwa wao akaufunika moto wa chetezo kwa kigae.

“Nenda kapige kura yako, mwanangu,” akasema. “Dua tuwachie wenyewe. Jioni twamngoja mwenye nyumba.”

Nikapanda bajaji, nikaenda kupiga kura bila kuombewa.