Waya wa Epe ya Mdogo Wangu

Katika klabu yetu ya mchezo wa upanga hapa Kisangani, mimi ndiye niliyekuwa nikitengeneza nyaya za epe, zile panga za umeme. Waya ukikatika, taa ya kuhesabia alama haiwaki, na mguso usiowasha taa hauhesabiwi.

Mdogo wangu wa kike alituzidi sote. Siku moja kabla ya kuchaguliwa watakaokwenda kushindana Kinshasa, nilimbadilishia waya. Kwa haraka zangu sikukwangua gundi ya zamani kwenye mfereji wa upanga, hivyo waya mpya ukakaa juu juu. Kesho yake ukakatika katikati ya pambano. Alimgusa mwenzake kifuani mara mbili, taa haikuwaka. Hakuwa na epe nyingine, akatolewa.

Baadaye aliolewa huko Bengamisa, nje ya mji, akawa mkulima. Mwaka jana nilimpelekea epe ile, baada ya kuhangaika siku mbili nzima kuitia waya upya. Nikamwomba msamaha.

“Yaya, ile iko mambo ya zamani,” alisema kwa upole, akiniita kama tunavyowaita kaka na dada wakubwa. “Patia mutu mwingine.”

Hakuishika. Aliingia jikoni kunipikia pondu, mboga ya majani ya muhogo, nami nikabaki uani peke yangu, nikilia.