Nukta Zisizo na Ndugu

Dada yangu anaitwa Daktari wa Choo. Subirini, msikimbie. Ni hadithi safi, kwa kiasi chake.

Nyumbani tuko wengi na choo ni kimoja. Dada alikuwa ameanza kozi ya mtandaoni ya kuchunguza mifumo tata kwa kuiiga kwenye kompyuta, na zoezi la kwanza lilisema: chagua foleni unayoijua vizuri. Basi akabeba kigoda, akaketi koridoni asubuhi, simu mkononi, anabonyeza kila mtu anapoingia na anapotoka. Mjomba alikuwa amekuja kututembelea. Akatoka, taulo begani, akamkuta.

"We, unafanya nini hapo?"

"Nakupima, mjomba. Umeshavuka wastani wa nyumba."

Mjomba wetu hata akinong'ona, mtaa wa pili wanaitikia. Na siku hiyo hakunong'ona. "Yaani nimesafiri kote huko nije kupimwa choo na mpwa wangu? Kumbe nyumba hii ina daktari wa choo!" Jirani wa ukuta mmoja akacheka mpaka akapaliwa. Binamu akalitupia jina hilo kwenye grupu la familia na stika tatu juu. Kwisha habari yake.

Kwa wasiomjua: Daktari huyu anafanya kazi mapokezi kwenye kituo cha afya, dirisha la kushoto ukiingia, anaandikisha wagonjwa. Ni mtu asiyetulia. Chai anainywa amesimama, televisheni anaitazama kutoka mlangoni kama mpita njia. Na kitu kilichomnyima raha kuliko vyote ni foleni ya pale kazini. Madirisha mawili, foleni mbili, watu wanahama kutoka hii kwenda ile wakikanyagana, na ikifika saa tatu mlango haupitiki.

"Na hakuna aliyewaambia wajazane mlangoni," alikuwa akiniambia huku anaizunguka meza. "Kila mtu anataka kitu kidogo tu, asogee mbele. Ukiwaweka pamoja inatokea fujo ambayo hakuna hata mmoja aliyeitaka. Ndiyo mfumo tata huo."

"Kama grupu letu la familia."

"Hasa hilo."

Kwenye kompyuta yake kila mgonjwa ni nukta. Unaipa nukta kanuni chache: ingia, tafuta foleni fupi, ukichoka hama. Halafu unaziachia zenyewe, wewe kazi yako kutazama. Unabadilisha kitu kimoja, unaziachia tena, na tena, maana ukijaribu mara moja pengine ilikuwa bahati tu. Mimi mwanzoni nilidhani anacheza gemu, tena gemu bovu, halina hata gari la kuendesha.

Akapata dawa yake: foleni moja tu, yote ndani ya ukumbi, inayolisha madirisha yote mawili. Kwenye skrini nukta zilitiririka kama maji. Akampelekea matroni, ambaye ndiye mkuu wa pale. Matroni akatazama, miwani puani.

"Jumanne tujaribu. Ikienda vizuri nakutoa dirishani siku mbili kila wiki, ufanye haya mambo yako. Ikiharibika, mwanangu, unarudi kwenye kadi zako, na neno nukta nisilisikie tena."

Tangu hapo nyumbani hapakukalika. Dada anakaa, anasimama, anafungua friji, anaifunga bila kutoa kitu.

"Inakwenda vizuri mno," ananiambia.

"Sasa hilo nalo tatizo?"

"Ukumbi wangu wa kwenye skrini una nafasi tele. Ule wa kweli, saa tatu, ukiangusha kalamu huiokoti. Na wagonjwa ni walewale. Sasa nani anaujaza?"

Mama akachoka. "We mtoto, kaa chini, unanipandisha presha. Na kesho nakuja hukohuko kwenu kuipima. Nishaongea na shangazi yako na mama jirani, tunatoka mapema."

Dada akaganda, friji wazi. "Wote mnaumwa?"

"Nani kasema? Naumwa mimi."

"Sasa wao wanakuja kufanya nini?"

"Wananisindikiza! Ulitaka niende peke yangu kama nimeokotwa?"

Friji ikaanza kulia tii, tii, tii. Dada hasikii.

"Nukta zangu hazina ndugu," akasema.

"Mayatima, maskini," nikasema mimi.

Dirishani kwake anayeandikishwa ni mgonjwa tu. Shangazi hana kadi, kwa hiyo siku zote hizo, kwa upande wa kompyuta, shangazi hayupo duniani. Dada akakimbilia meza, akazipa nukta ndugu, na wote, wagonjwa na ndugu, kanuni moja mpya: usimwache mtu wako. Akaziachia. Ukumbi ukajaa pomoni, foleni yake nzuri ikaziba kutoka mlangoni mpaka madirishani, mbaya kuliko ile ya zamani. Akajaribu kuwatoa ndugu nje. Nukta wagonjwa wakawafuata hukohuko, wakapoteza nafasi zao. Nikacheka mpaka nikalala chini.

"Usicheke. Hivyo ndivyo shangazi angefanya kabisa."

Mwishowe akahamisha mabenchi yote verandani: mgonjwa akae na watu wake, foleni iwe moja, na ndani aingie anayeitwa tu. Haikutiririka kama maji. Lakini mlango ulipitika, hata alipowaongeza ndugu.

Ikabaki kazi ngumu. Jumatatu alimfuata matroni mwenyewe. Mama alikuwepo na msafara wake, ndiye aliyetuhadithia.

"Wiki nzima unaniimbia ukumbini, leo unaniambia veranda?"

"Ukumbini nilisahau ndugu, matroni."

Matroni akachungulia. Benchi zima limejaa: mama, shangazi, jirani, na mkoba mmoja wanaoulinda wote.

"Mgonjwa hapo ni yupi?"

"Wa katikati. Ni mama yangu."

Matroni akacheka peke yake. "Haya. Kesho veranda."

Jumanne na mimi nikaenda kujionea, na mambo yakaanza vizuri mpaka tukaogopa. Mlango hauna msongamano, watu wanaitwa, wanaingia, wanatoka. Halafu jua likapanda, likafika kwenye mabenchi. Wakasimama wote kwa pamoja, wagonjwa na ndugu zao, wakahamia kivuli cha ukuta wa pili, na nani alikuwa nyuma ya nani hakuna aliyejua tena. Dada anakimbia huku na huku, "jamani, jamani." Hakuna nukta iliyowahi kuchomwa na jua.

Matroni akatoka nje, mikono kiunoni.

"Na jua nalo ulilisahau?"

"Nimelisahau."

"Mlango unapitika, hilo nimeliona kwa macho yangu. Nilikuahidi siku mbili, nakupa moja. Na hilo jua ulishughulikie, Daktari wa Choo."

Kumbe grupu letu lina mpelelezi.

Sasa hivi yuko nyuma yangu, anazunguka meza, anataka kujua nini kingine hajakiweka. Kwa hiyo tusaidieni. Mara ya mwisho mlienda hospitali na wangapi? Nani aligoma kubaki nje, nani alisinzia begani kwa mgonjwa? Na majina ya aibu mliyobandikwa nyumbani leteni pia, tusiaibike peke yetu. Andikeni hapo chini. Anayesoma maoni yote ni dada, na kila shangazi mtakayemtaja atapewa nukta yake.