Nilichomoa Waya, Mama Akabeba Lawama

Mimi ni mkosaji. Sina pengine pa kuanzia. Msomaji mwenzangu, usinionee huruma, na ukimaliza kusoma nitukane tu, nimestahili.

Ni fundi waya wa magari hapa Shinyanga. Dada yangu wa pekee ameolewa na mwanaume mwenye wazimu wa mashindano ya magari. Alinunua gari kuukuu, akang'oa viti vya nyuma, vioo, kila kitu, ili liwe jepesi. Hata altaneta, ile inayochaji betri gari likitembea, aliing'oa.

Kwa hiyo betri ya gari lile ilichajiwa na pikapu iliyolivuta. Gari likiwa juu ya trela, nyaya mbili nene zinatoka kwenye betri ya pikapu hadi kwenye betri yake, na safari nzima inakula umeme. Mkifika uwanjani imejaa. Kuangalia nyaya zile ndiyo ilikuwa kazi yangu.

Shemeji hakukosa la kusema juu ya kazi hiyo! "Huyu msimwone hivi, ni daktari wa indiketa!" Watu wanacheka. Mashemeji hutaniana, najua, na mimi nilikuwa namrudishia. Lakini siku moja alisema hivyo mbele ya binti niliyetaka kumposa, na binti akacheka kuliko wote. Nikaliweka moyoni.

Asubuhi ya safari ya mashindano ya Geita, Mama alikuja kutuaga, ametuletea matobolwa, viazi vyetu vikavu, tule njiani. Kwa utani wa kijinga nikamwambia, "Mayu, hebu panda gari la mkweo nikupige picha."

Akakataa. Kwetu Usukumani mama mkwe na mkwewe wanaheshimiana kwa kukaa mbalimbali, na kiti cha mkwe hakikaliwi. Nikambembeleza, "Mara moja tu, Mayu, kuna ubaya gani?" Akakaa, amejiziba mdomo kwa kanga, anacheka. Nikaituma picha kwenye kundi la familia.

Tuliposimama Kahama kula, wenzangu wakiwa ndani, nikachomoa waya. Nilitaka gari ligome kwenye mstari wa kuanzia, umati umzomee, basi. Tulipofika Geita nikawa wa kwanza kushuka, nikajifanya nakunja nyaya.

"Imeshiba?" shemeji akauliza.

"Imeshiba."

Halikugoma! Betri ilikuwa na akiba kidogo, gari likawaka, likaondoka linanguruma. Nikajiona hata kumkomoa mtu siwezi. Mzunguko wa tatu, katikati ya kona, pampu ya mafuta ikakosa umeme na gari likazima. Na mimi nikacheka. Jamani, nilicheka! Nilikuwa bado nacheka gari la nyuma lilipotokea kwenye vumbi na kumgonga ubavuni.

Walimkata mguu wa kulia, juu ya goti.

Pale hospitali, dada yake shemeji akatoa simu akatuonyesha ile picha. "Mama mkwe amekaa kwenye kiti cha mkwewe. Siku hiyo hiyo mkwe hana mguu! Mnataka ushahidi gani tena?" Dada yangu akamtazama Mama kama hamjui. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale. Nikanyamaza.

Mama akakatazwa kumwona mgonjwa, baadaye akakatazwa wajukuu. Alipeleka mbuzi kuomba msamaha, mbuzi akarudishwa. Majirani wakaanza kumkwepa dukani. Mimi nikaendelea kunyamaza, najiambia nitasema wiki ijayo.

Kinachoniua ni hiki. Jioni moja aliniita, anachambua choroko kwenye ungo.

"Mwanangu, wewe unajua mambo ya umeme. Niambie ukweli. Betri inaweza kufa kwa sababu mimi nilikaa pale?"

Jibu lilikuwa neno moja tu, hapana. Nilikuwa nalo mdomoni.

"Sijui, Mayu," nikasema.

Akatikisa kichwa polepole. "Basi ni mimi," akasema, akaendelea na choroko zake.

Alifariki msimu wa pamba uliopita. Shemeji hakuja kuzika. Dada alikuja, akasimama mbali na kaburi, akaondoka kabla ya chakula. Mimi bado wananipenda! Shemeji ananiita fundi sasa, bila utani hata kidogo, na kila Jumapili ananishukuru kwa kumsukumia kiti chake hadi kanisani.

Wewe mwenye kinyongo, nakuomba. Mtukane aliyekuudhi, mpige hata ngumi, yaishe siku hiyo hiyo. Usimchomolee mtu waya. Na kama umeshachomoa, ukiulizwa, jibu. Mimi niliulizwa na mama yangu mzazi, na wa kuniuliza tena sina.