Nilivyozima Disko Toto

Namshukuru Kaka Gaudensi hadi leo kwa kutonitimua. Ilikuwa Krismasi, miaka ile redio kaseti zilipoanza kujaa madukani. Mimi, mwanakwaya wa Matogoro mwenye miaka kumi na tano, nilikwenda disko toto ukumbini, mtaa wa Bombambili. Gaudensi, binamu yangu, ndiye aliyekuwa dijei. Akaweka santuri mpya kutoka Dar, akaniambia, "Dada, nilindie mitambo, nakula pilau narudi."

Nikasubiri mwimbaji aanze. Wapi! Mdundo uleule, mlio uleule, bila hata neno moja. Santuri za baba zikikwama hurudiarudia hivyohivyo. Kwa ujuzi wangu wote, nikainua sindano.

Ukumbi kimya. Watoto mikono juu, macho kwangu. Nikashika maiki: "Samahanini, santuri ilikwama."

Gaudensi akaja mbio, mdomo umejaa pilau. "Haijakwama! Muziki wenyewe ndivyo ulivyo!"

Nilitamani ardhi inimeze. Nikangoja kofi, lakini akanisogeza kwenye mashine. "Haya, rudisha sindano mwenyewe."

Nikairudisha. Mdundo uliporudi, ukumbi ulilipuka kuliko mwanzo, na watoto wakaanza kunipigia kelele: "Dada, zima tena!"